Simiti haiponyi ukuta wa Lamu

Ukuta wa nyumba ya kale ukianza kumwaga unga karibu na sakafu, utaambiwa: bandua chokaa, piga lipu ya simiti. Simiti ni ngumu, eti maji hayapiti.

Ni ngumu kweli. Lakini mawe ya matumbawe yaliyojengea kuta hizi yana vitundu tele, na hunyonya maji ya ardhini kama utambi unyonyavyo mafuta, chumvi ikiwemo. Lipu ya chokaa huyaachia maji hayo yatoke kama mvuke. Simiti huyabana. Yakikosa njia hapo, hupanda juu zaidi; chumvi nayo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, hadi inabanduka vipande vipande. Kwa hiyo baka la unyevu lililokuwa magotini linahamia kifuani, na fundi wa chokaa ndiye anayelaumiwa! Rangi ya mafuta hufanya kosa lilelile.

Chokaa inataka subira. Hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole, basi hupigwa tabaka jembamba jembamba, ukuta ukiloweshwa kwanza, na haikaushwi kwa haraka.

Ipo pia chokaa ya kuzuia joto, iliyochanganywa na chembe nyepesi kama perlaiti (mawe ya volkano yaliyofurishwa kwa moto); naiona ina faida zaidi kwenye ukuta mwembamba wa matofali. Ukuta mnene wa matumbawe tayari huchelewesha joto la mchana.

Ila kama bomba linavuja au dari inapitisha mvua, anzia huko. Chokaa haizibi bomba.