Joho halimfanyi mtu kuwa mbunifu majengo

Mtaani, kijana akihitimu shahada ya ubunifu majengo huitwa "akitekti" siku hiyohiyo, na mjomba tayari ana kiwanja cha kuchorewa ramani. Heshima hiyo imekuja mapema mno. Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2010, anayemtambua mtu kitaaluma ni Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, si chuo. Mhitimu kwanza hufanya kazi chini ya mbunifu aliyesajiliwa: anahakiki kama ukuta umesimama palipochorwa, anabishana na fundi kuhusu ngazi, anajifunza mikataba na vibali. Kisha mitihani ya Bodi. Kuchora vizuri, ambako wengi hudhani ndiyo kazi yenyewe, ni sehemu tu. Mistari mingi siku hizi hunyooshwa na kompyuta.