Je, wajua kwa nini kumhoji mtoto aliyepandwa na hasira huzidisha kilio?

Mtoto wa miaka miwili ameona kisu mezani, amekatazwa kukishika. Anajitupa chini, anarusha mateke, anapiga mayowe hadi sauti inamkauka. Mzazi anainama na kumuuliza kwa upole kabisa: "Unataka nini? Kwani kuna nini? Niambie basi." Kilio kinapanda. Upole ule ulitoka moyoni, lakini umekuwa kama kuni zilizoongezwa motoni.

Sababu mojawapo ni umri wenyewe. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, huchelewa sana kukomaa. Huendelea kukua hadi mtu anapokaribia miaka 25. Isitoshe, mtoto mdogo huelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyasema, na wengi wa miaka miwili ndiyo kwanza wanaunganisha maneno mawili mawili. Swali linapomjia katikati ya mayowe, inabidi alisikie, alielewe, atafute jibu, kisha alitamke. Hata mtu mzima mwenye hasira hushindwa. Tunamdai mtoto kitu ambacho kwa dakika ile hanacho.

Sababu ya pili imo ndani ya hasira zenyewe. Mtafiti Michael Potegal wa Marekani na wenzake walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wao kuhusu watoto wa miezi 18 hadi 60, kutokana na maelezo ya wazazi. Mwaka 2011 ukafuata utafiti mwingine, safari hii wa sauti zilizorekodiwa kwa vinasa sauti vilivyoshonwa kwenye nguo za watoto. Wengi hudhani mtoto hukasirika kwanza, hasira ikiisha ndipo huzuni inapoingia. Watafiti hao waliona vingine: mayowe na mateke, ambayo ni hasira, hupanda upesi kisha hushuka, ilhali kulia na kulalamika, ambako ni huzuni, kupo muda wote. Na robo tatu ya vipindi vya hasira viliisha ndani ya dakika 5, ingawa kwa mzazi aliyesimama mbele za watu huonekana kama saa nzima.

Kwangu mimi hili ndilo la kushika kuliko yote. Yule anayepiga mayowe tayari ana huzuni, ila hasira bado imeifunika. Maswali, vitisho na maelezo marefu huichochea hasira isishuke. Kwa hiyo ondoa chochote kinachoweza kumuumiza, kaa karibu, punguza maneno. "Umekasirika. Nipo hapa." Yanatosha. Mayowe yakigeuka kuwa kilio cha kwikwi, wengi hunyoosha mikono wenyewe, mpakate. Kumpakata si kumdekeza, mradi kisu kibaki pale ulipokiweka. Akikipata kwa sababu amelia, kesho atalia tena, na atakuwa na haki ya kutegemea jibu lile lile.

Lakini kunyamaza si kumnunia, wala si kumfungia chumbani peke yake. Na kumchapa mtoto aliye katika hali hiyo ni kumwongezea hofu juu ya hasira na huzuni alizo nazo tayari. Maneno ya kumfundisha yangojee atulie: mtajie alichohisi, mwambie kwa nini alikatazwa, kwa sentensi fupi.

Angalia pia saa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana, na mwenye njaa au usingizi hulipuka kwa jambo dogo. Ila akijiumiza kila anapokasirika, akibana pumzi hadi azimie, au hasira zikizidi kuwa kali kadiri anavyokua, mpeleke kwa daktari wa watoto.