Kichefuchefu na kutapika ukizamia na mtungi: maswali ambayo watu wanauliza pembeni

Msimu wa kusi, mwezi wa 6 mpaka wa 9 hivi, bahari ya Mnemba, Pemba mpaka Diani inachafuka, na boti ikishatoka nje ya mwamba utaona waliokuwa wanapiga stori wameanza kunyamaza mmoja mmoja.

Mi mtoto wa pwani kabisa, baba mvuvi, inakuwaje bahari inanilevya?

Kuwa mtoto wa mvuvi hakukukingi. Ndani ya sikio kuna sehemu inayopima mwendo, sasa we umeinama unafunga mtungi, macho yanasema tumetulia, sikio linasema tunarushwa, ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndo linalipa. Hata mabaharia wa siku nyingi inawapata. Wengi wanazoea baada ya siku mbili tatu majini.

Nile au nishinde njaa?

Kula, tumbo tupu nalo linasumbua. Ila sio supu ya makongoro na chapati tatu, chukua mkate, ndizi au uji mwepesi mapema kabla ya kuondoka. Tangawizi inawasaidia baadhi ya watu. Maji kunywa ya kutosha, kama ulikesha na bia jana basi leo baki beach tu.

Vidonge je?

Sinarizini na promethazini zinatumika sana, shida ni usingizi, hasa promethazini, na kusinzia chini ya maji sio mchezo maana kuanzia mita 30 hivi naitrojeni iliyomo kwenye hewa ya mtungi yenyewe inaanza kukulewesha. Kwa hiyo dawa ijaribu kwanza siku ambayo huzamii uone inakufanyaje, halafu umeze saa moja au mbili kabla ya safari, ukisubiri mpaka uanze kutapika kidonge nacho kinatoka. Kama una glaukoma (presha ya macho), shida ya tezi dume au unatumia dawa nyingine, muulize mfamasia kwanza. Mjamzito asizamie kabisa, hilo halina mjadala.

Nikiwa kwenye boti nifanyeje?

Funga vifaa vyako kabla hamjang'oa nanga, simu weka mfukoni, kaa katikati mbali na moshi wa injini, macho yaangalie nchi kavu au mstari wa mbali. Ukizidiwa tapikia upande wa demani, upepo unakoelekea, wenzako watakushukuru. Na mwambie instrakta, usijifiche! Wengine wakishuka mita chache tu chini ya mawimbi wanapona, kwa hiyo anaweza kukutanguliza majini badala ya kukuacha unaelea unayumba. Ila kama umeshatapika mpaka miguu inatetemeka, usizamie. Hela ya daivu inauma lakini ndo hivyo.

Na nikitapika chini kabisa, si nitazama?

Hapa soma taratibu. Regyuleta, kile kifaa cha mdomoni unachovutia hewa ya mtungi, USIITOE. Ishikilie kwa mkono ibaki mdomoni, tapika humohumo, matapishi yanatokea kwenye vali ya kutolea hewa, ukimaliza bonyeza kitufe cha mbele hewa isafishe ndio uvute pumzi, mwanzo pole pole. Sababu ni kwamba ukishatapika mwili unavuta pumzi kwa nguvu wenyewe bila kukuuliza, na kama mdomo uko wazi utavuta bahari. Ikiziba na vipande vya chakula hamia kwenye regyuleta ya akiba, ndo maana unatakiwa ujue ilipo bila kuangalia. Kuna mainstrakta wanafundisha kuisogeza kidogo pembeni ya mdomo, sawa kama umeifanyia mazoezi, mi bado naona kuiacha ndani ni salama zaidi kwa anayeanza.

Kinachoua sana hapo ni kupaniki kuliko matapishi yenyewe. Mtu anakimbilia juu amebana pumzi, na hewa ya mapafuni ukitoka mita 10 mpaka juu inataka kuwa mara mbili, mapafu yanaweza kupasuka. Mshike mwenzako, mpe ishara hauko sawa, pandeni pole pole, mita 9 kwa dakika, na ukiweza simama dakika 3 kwenye mita 5. Samaki watakuja kula, ndio, wachangamkie tu.

Nilikuwa mzima kabisa, kizunguzungu kikaanza huko chini.

Mara nyingi ni sikio moja limefunguka presha lingine bado, shika kamba au mwamba ulio salama, angalia kitu kimoja kisichosogea, kinapita. Lakini kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, tena kwa zaidi ya mtu mmoja, hewa ya mtungi inaweza kuwa chafu, kompresa, mashine inayojaza mitungi hewa, imevuta moshi wa injini. Kaboni monoksaidi haina harufu. Pandeni, mpeni mgonjwa oksijeni na mitungi ya kundi hilo msiiguse tena.

Nimerudi nchi kavu bado natapika, ni malaria?

Kupima pima, ila huku kwetu kila kizunguzungu kinaitwa malaria na hapo ndo watu wanachelewa. Kama dunia inazunguka, sikio linalia au halisikii, viungo vinauma, ganzi, ngozi ina madoa, fikiria kwanza ugonjwa wa mgandamizo, yaani naitrojeni imetengeneza mapovu mwilini. Lala, pumua oksijeni asilimia 100, wapigie waliokupeleka kuzamia watafute chemba ya presha, yaani chumba maalumu cha kutibia ugonjwa huu, na daktari aambiwe ulienda mita ngapi, dakika ngapi na saa ngapi ulitoka, maana asipoambiwa hatajua. Usirudi majini eti ujitibu, wala usipande ndege. Hata mzima anatakiwa asubiri masaa 12 baada ya daivu moja ndo apande ndege, masaa 18 kama ni kadhaa, sembuse wewe unayetapika.