Hekalu la Mungu si jengo la kanisa

Katika harambee nyingi za kujenga makanisa hapa Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, husomwa sura ya kwanza ya kitabu cha nabii Hagai katika Biblia: nyumba ya Mungu imelala magofu, na mshahara wenu unaingia kwenye mfuko uliotoboka. Muumini huondoka akiamini kuwa asipochangia mabati na saruji, amemnyima Mungu makao.

Hagai alisema hayo mwaka 520 kabla ya Kristo, akiwahimiza Wayahudi waliorudi kutoka Babeli walijenge upya hekalu la Yerusalemu. Hata Sulemani, aliyejenga lile la kwanza, aliomba siku ya kuliweka wakfu akikiri kwamba mbingu zenyewe hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile!

Agano Jipya linakwenda mbali zaidi. Paulo anawaandikia Wakristo wa Korintho, watu waliokuwa wakigombana na kugawanyika, kwamba wao wenyewe ni hekalu la Mungu, na Roho anakaa ndani yao. Petro anawaita waumini mawe yaliyo hai. Wakristo hao wa mwanzo walikusanyika majumbani. Kwa hiyo ushirika unaokodi darasa la shule kila Jumapili haujapungukiwa hekalu.

Paa ni muhimu, hasa mvua za Aprili zikianza, na kulichangia ni jambo jema. Ila Paulo huyohuyo, alipoomba mchango wa maskini wa Yerusalemu, alitaka kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, bila kulazimishwa. Mama mboga asiye na kitu asitishwe kwa laana.