Walitaka kengele, wakatoka na utepe wa karatasi

Ombi lilikuja kwa mstari mmoja: dripu zinaisha usiku bila mtu kujua, tutengenezeeni kengele. Nikaukabidhi mstari huo kwa timu ya wanafunzi sita: wawili wa uhandisi wa vifaa tiba, na mmoja mmoja wa uuguzi, famasia, takwimu na usanifu wa bidhaa. Kabla hata sijafunga mlango, mhandisi mmoja alishaanza kuchora sensa (kihisi) ya kuhesabu matone, yenye taa nyekundu na ujumbe wa kwenda kwenye simu ya muuguzi wa zamu.

Simlaumu. Mimi mwenyewe ni mhandisi wa vifaa tiba, na ningekuwa na umri wake ningechora kitu kilekile. Ila baada ya kusimamia timu za namna hii kwa muda, nimeacha kuamini ombi la kwanza. Anayeleta kero huja akiwa ameshaifunga ndani ya suluhisho. Hasemi tu kinachomuuma, anakwambia na dawa anayoitaka. Timu ya fani moja huipokea dawa hiyo kama ilivyo, hasa ikiwa ni fani yake. Timu ya fani mchanganyiko hushindwa kufanya hivyo kwa sababu moja tu: hawaelewani.

Na kutoelewana kwenyewe huanza na maneno. Siku ile tulipoteza karibu nusu saa kwa sababu ya neno "kipimo". Kwa mwanafunzi wa famasia, kipimo ni kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa. Kwa wa uuguzi, aliyetoka maabara wiki iliyopita, kipimo ni damu iliyochukuliwa na majibu yake. Kwa wahandisi ni namba inayosomwa kwenye chombo. Wa takwimu alikuwa anauliza kipimo cha mafanikio, yaani tutajuaje kama tumefaulu, na hakuna aliyemjibu kwa sababu kila mmoja alidhani ameshajibiwa. Mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa anayelala kitandani: mmoja anamwita mgonjwa, mwingine anamwita mtumiaji. Hapo ndipo wa uuguzi akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote ya siku hiyo. Mtumiaji wa kengele hii ni nani, anayelala au anayeamka?

Wakaenda wodini. Hapa nipite haraka, ingawa ndipo wasimamizi wengi tunapokwama: ruhusa ya kamati ya maadili, ridhaa ya wagonjwa, kutopiga picha, kutoandika majina. Hayo huanza miezi kabla ya muhula. Asiyeyaanza mapema atafundisha nadharia muhula mzima.

Walikaa zamu tatu za usiku, wawili wawili, kila mara mmoja wa afya na mmoja asiye wa afya. Mpangilio huo nauwekea mkazo. Wa afya akienda peke yake haoni kitu, maana ameshazoea. Asiye wa afya akienda peke yake huona kila kitu na haelewi kipi ni cha ajabu na kipi ni cha kawaida. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami sijaona mahali msemo huo unapofaa kama wodini, mradi mwenyeji awepo wa kumweleza mgeni anachokitazama.

Walichokiona hakikuwa kwenye ombi. Muuguzi wa usiku hakuwa na uhaba wa kengele. Alikuwa nazo nyingi kupita kiasi, kutoka kwenye mashine za oksijeni na za mapigo ya moyo, na nyingi zilikuwa zinalia bila sababu. Jambo hili linajulikana sana katika fani yetu: mtu anayesikia kengele usiku kucha, masikio yake hujifunza kutosikia. Kuongeza nyingine kungekuwa kuongeza kelele.

La pili lilikuwa hesabu. Daktari anaandika lita 1 iingie kwa saa 8. Hiyo ni mililita 125 kwa saa. Kwa mrija unaotoa matone 20 kwa mililita moja, muuguzi anatakiwa aone matone kama 42 kwa dakika. Anasimama na saa yake, anahesabu, anazungusha kigurudumu kinachobana mrija, anaondoka. Zamu inabadilika. Anayeingia anakuta mfuko una maji nusu, lakini hajui ulianza saa ngapi, kwa hiyo hawezi kujua kama nusu hiyo imechelewa, imewahi au iko sawa. Maelezo yapo kwenye faili, na faili liko mezani mwisho wa wodi.

Mwanafunzi wa uuguzi ndiye aliyekumbuka kitu alichowahi kufundishwa na ambacho hakuwahi kukiona kikitumika: utepe wa karatasi unaobandikwa kwa wima ubavuni mwa mfuko, umeandikwa saa. Saa 4 usiku maji yawe hapa, saa 5 hapa, saa 6 hapa. Anayepita anatupa jicho na kujua. Wa famasia akaongeza sharti: msiandike kwa kalamu ya wino moja kwa moja kwenye plastiki, kwa kuwa tunafundishwa kwamba wino unaweza kupenya. Wa usanifu akachora namba kubwa zinazosomeka kwa mwanga hafifu bila kuwasha taa ya wodi nzima.

Mhandisi aliyechora sensa alinyamaza. Mwisho wa kikao alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, sasa mimi hapa nimefanya nini?"

Swali hilo nalisikia karibu kila mwaka, kutoka fani moja au nyingine, na ninalichukulia kwa uzito kuliko ripoti ya mwisho. Kusema "kila mtu ana mchango wake" ni kumdanganya. Nilimrudisha kwenye wodi na jambo moja lililokuwa halijaelezwa na yeyote: kwa nini matone 42 ya saa 3 yanakuwa 30 ifikapo saa 5, na hakuna aliyegusa kigurudumu? Alirudi na jibu baada ya siku mbili za majaribio kwenye ndoo. Maji yanasukumwa na kimo cha mfuko juu ya mkono wa mgonjwa, kwa hiyo kitanda kikiinuliwa au mgonjwa akiketi, kasi inapungua. Mkono ukikunjwa, inapungua tena. Na plastiki ya mrija iliyobanwa na kigurudumu huendelea kubonyea taratibu baada ya muuguzi kuondoka, hivyo kasi iliyopangwa haibaki ilivyopangwa. Kutokana na hapo ikaingia kanuni ambayo isingetoka kwa uuguzi peke yake: hesabu matone, kisha rudi uhesabu tena baada ya nusu saa. Hakutengeneza chombo. Alieleza sababu, na wauguzi wakaacha kulaumiana kwamba fulani alipanga vibaya.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, linaeleza elimu ya aina hii kuwa ni pale wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Vyuo vinaweza "pamoja": waweke chumba kimoja, wape chai. "Kuhusu" nako si kugumu. Kinachosumbua ni "kutoka kwao", kwa sababu kinamtaka mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa 5 akubali kufundishwa na mtu wa takwimu wa mwaka wa 2. Nisipoingilia kati, wa udaktari huongea kwanza na wengine hutikisa vichwa kukubali. Dawa yangu ni ya kizamani: kila mtu aandike kabla ya yeyote kusema, halafu anaanza kusoma yule aliyekaa saa nyingi zaidi karibu na mgonjwa wiki hiyo. Mara nyingi huwa ni wa uuguzi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, kweli, ila nahodha mmoja asiyeujua mwamba hukipeleka pale pale penye mwamba.

Wanaodhani haya ni ya vitepe tu nawakumbusha kazi mbili. Mwaka 2007, wanafunzi wa biashara na uhandisi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipewa zoezi la kubuni kiangulio (mashine ya kumtunzia mtoto joto) cha bei nafuu cha watoto njiti. Mmoja wao alisafiri hadi Nepal, akakuta hospitalini viangulio vipo na vingine havina mtoto, huku watoto wakizaliwa vijijini mbali na hospitali. Swali likabadilika, na kilichotoka, Embrace, kilikuwa kimfuko cha kumlaza mtoto chenye nta inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 37 hivi na kuhifadhi joto kwa saa kadhaa bila umeme.

Kingine ni kifaa cha kumsaidia mtoto mchanga kupumua kilichoanzia kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, kwa kutumia pampu za kupulizia hewa matangi ya samaki. Kilijaribiwa Blantyre, Malawi, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watoto waliotibiwa nacho walinusurika asilimia 71, wakati waliopewa oksijeni pekee ni asilimia 44. Ulikuwa utafiti mdogo, na namba zake zisibebwe kuliko uzito wake. Mimi hunivutia kitu kingine: kati ya mradi wa darasani na wodi ya Blantyre kulikuwa na miaka ya kazi, na watu waliobaki baada ya wanafunzi wa kwanza kuhitimu.

Hilo ndilo donda la miradi hii. Muhula una wiki 15 na kero haina kalenda. Nimewahi kurudi kwenye wodi moja nikaonyeshwa kabatini vifaa vitatu vya wanafunzi wa miaka mitatu tofauti, vyote vya kazi moja, na hakuna kilichokuwa kinafanya kazi. Vyote vilipata alama za juu. Tangu siku hiyo nusu ya alama zangu zinatoka kwenye daftari la makabidhiano: kilichojaribiwa, kilichoshindikana, nani wodini aulizwe, nini kisirudiwe. Wanafunzi hulichukia daftari hilo mpaka siku wanapopokea la wenzao.

Timu ya dripu iliacha la kwao. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa mhandisi wa sensa, unasema: utepe unasomeka, lakini muuguzi akitoka kupaka kitakasa mikono akaushika, saa zinafutika. Kalamu nne tumeshajaribu, msianze nazo.