Pozitivu ya nini?

Kama kuna neno nalisikia kutwa nzima kazini basi ni pozitivu, na mwenzake negativu. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Moshi, kazi yangu ni damu, mkojo, makohozi na karatasi za majibu, na nimeamua niandike kuhusu hili neno kwa sababu watu wanaumia kwa ajili yake, kuna anayeondoka dirishani analia wakati hana shida yoyote na kuna anayeondoka na furaha zake huku alitakiwa aanze dawa leo leo. Shuleni tulifundishwa chanya na hasi, lakini hospitali husikii mtu anasema nimekutwa chanya, watu wanasema pozitivu, na mtaani hilo neno limeshaganda kwenye ugonjwa mmoja tu, VVU. Ukimwambia mtu wewe ni pozitivu, hata kama unaongelea kundi la damu, anachosikia ni hicho kimoja.

Kundi la damu ndio linaleta presha sana kwa mama wajawazito kwahiyo ngoja nieleze vile tunavyofanya. Nachukua kigae cheupe, naweka tone la damu sehemu tatu, kila sehemu naongeza tone la dawa yake, ya A ina rangi ya bluu, ya B ya njano, ya D haina rangi kabisa. Nachanganya na kijiti alafu nakiinamisha kigae huku na huku taratibu, macho yako hapo hapo. Damu ikibaki laini vile vile ujue hakuna kitu, ikianza kukatika madonge madonge kama maziwa yaliyoganda ujue dawa imekutana na kile inachokitafuta. Ikikatika kwenye A wewe ni A, ikikatika kwenye B ni B, kote ni AB, kusipokatika popote ni O. Ile sehemu ya tatu, ya D, ndio inayotoa hilo neno letu, ikikatika tunaandika pozitivu na isipokatika tunaandika negativu. Basi, hakuna kingine. Ina maana kwenye ukuta wa chembe zako nyekundu kuna protini fulani ipo au haipo, na jina la kundi la hiyo protini, Rh, lilitokana na kima aina ya rhesus ambao damu yao ilitumiwa na watafiti Landsteiner na Wiener kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 1940.

Sasa hapa ndio watu wanageuza kichwa chini miguu juu. Mama akiona O pozitivu kwenye kadi ya kliniki anaingiwa na hofu, wakati yeye hana la kuhofia na wengi wetu Waafrika tuko hivyo hivyo. Anayetakiwa kufuatiliwa kwa makini ni yule aliyeandikiwa negativu, ambaye ameondoka ametulia. Kwa Wazungu watu kama 15 kati ya 100 ni negativu, kwetu ni wachache zaidi ya hapo, na shida inakuja pale mama negativu anapobeba mtoto pozitivu aliyerithi kwa baba. Wakati wa kujifungua damu ya mtoto inaweza kuingia kwa mama, mwili wa mama unaiona ngeni unatengeneza kingamwili, yaani askari wa kuishambulia, mtoto wa kwanza mara nyingi anakuwa ameshatoka salama ila wa pili ndio anakuja kushambuliwa chembe zake akiwa bado tumboni. Dawa ipo, sindano ya anti-D, imekuwa ikitumika tangu mwaka 1968 na baada ya kujifungua inatakiwa ipigwe ndani ya saa 72. Dada yangu ukiona negativu kwenye kadi yako uliza mapema hiyo sindano inapatikana wapi na bei gani, usisubiri uchungu uanze ndio mzee aanze kuzunguka mjini maduka ya dawa usiku.

Nyingine ambayo inaniuma zaidi, kiukweli, ni majibu ya kuotesha mkojo. Baba mmoja mtu mzima wa huko Rombo alichukua majibu yake akasoma mwenyewe, akaona bakteria wa gram negativu, akanifuata pale dirishani uso umenawiri kabisa, "Dokta nashukuru sana, wameandika negativu, kwahiyo mimi niko safi, naweza kwenda kupanda gari?" Nikamwambia shikamoo mzee, hebu kaa kidogo kwanza. Maana karatasi ilikuwa inasema kinyume chake, kwamba tumeotesha mkojo na kijidudu kimeota, tena kingi, na chini iko orodha ya dawa zinazokiua na zile ambazo kimeshazizoea. Hiyo negativu ilikuwa inaongelea rangi ya kijidudu, haimwongelei mzee hata kidogo. Tukarudi wote kwa daktari akaandikiwa dawa.

Hiyo rangi ina historia yake. Mwaka 1884 daktari wa Denmark anaitwa Hans Christian Gram alikuwa Berlin anahangaika kuona bakteria kwenye nyama ya mapafu ya wagonjwa, akabuni njia ya kuwapaka rangi ambayo mpaka leo tunaitumia karibu vile vile. Unapaka rangi ya zambarau kwenye slaidi, unaongeza ayodini ishike, alafu unaosha na spiriti. Bakteria wenye ukuta mnene wanaing'ang'ania ile zambarau, hao ndio gram pozitivu, kama wale wa majipu. Wenye ukuta mwembamba na ngozi ya mafuta juu yake inawatoka yote, unawapaka rangi nyekundu ya pili ili waonekane, wanatoka wapinki, hao ndio gram negativu, na yule anayesababisha UTI nyingi, E. coli, yumo humo. Na wala usifikirie negativu ndio wapole, ile ngozi yao ya nje inazuia dawa nyingi zisipenye, sisi maabara tukiona vijiti vya pinki chini ya darubini hatufurahi.

Haya tuje kwenye vipimo vya ugonjwa, maana huko ndiko neno linakotumika zaidi. Kipimo pozitivu maana yake kile kitu tulichokitafuta tumekiona. Soma tena hapo, KITU TULICHOKITAFUTA, na mara nyingi hicho kitu sio ugonjwa wenyewe bali alama yake. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu na mistari miwili, aina nyingi zake zinatafuta protini ya kijidudu, na hiyo protini inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya wewe kupona. Kwahiyo mtu ametoka Geita kutibiwa malaria, kafika Moshi kapata homa ya mafua tu, anapima anakutwa pozitivu, anameza dawa za malaria tena bure. Kwa mtu kama huyo inabidi tuweke damu kwenye slaidi tuangalie kwa darubini kama kuna kijidudu chenyewe.

Mtoto mchanga naye, huyu naomba tumwelewe sana. Mama anayeishi na VVU akijifungua, mtoto akipimwa kwa kile kipimo cha kawaida cha kingamwili atatoka pozitivu hata kama hana maambukizi, kwa sababu kingamwili za mama zimepita kwenye kondo zikamwingia na zinaweza kukaa mpaka miezi 18. Ndio maana watoto wanachukuliwa tone la damu kisiginoni, linakaushwa kwenye karatasi, linapelekwa maabara kubwa kutafutwa kirusi chenyewe. Nimeona familia zimeshaanza kugawana lawama kwa sababu mtu alimpima kichanga mahali kwa kipimo cha watu wazima. Msifanye hivyo jamani.

Alafu kuna hesabu ambayo wengi hawajawahi kuelezwa. Chukua kipimo kizuri sana, hakikosi mgonjwa hata mmoja na kati ya wazima 100 kinamsingizia 1 tu. Ukikipeleka sehemu yenye wagonjwa 300 kati ya watu 1,000, kitatoa pozitivu 307 na karibu wote ni wa kweli. Kipimo hicho hicho, boksi hilo hilo, ukikileta sehemu yenye wagonjwa 10 tu kati ya 1,000, utapata pozitivu kama 20 na nusu yao ni wazima kabisa! Mkoa wetu wa Kilimanjaro malaria ni kidogo ukilinganisha na kanda ya ziwa, kwahiyo pozitivu ya hapa na pozitivu ya kule hazina uzito mmoja hata zikiandikwa kwa kalamu moja. Na hii ndio sababu VVU hatumpi mtu majibu kwa kipimo kimoja, kikisoma tunarudia na kingine cha aina tofauti. Ukirudiwa kupimwa usifikiri tunakuchezea.

Ukienda kwa fundi umeme pozitivu ni kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, waya mwekundu. Hayo majina ya umeme alianza nayo Mmarekani Benjamin Franklin miaka ya 1740, akakisia upande upi una ziada na upi una upungufu, na mwaka 1897 mwanafizikia J. J. Thomson alipogundua elektroni ikaonekana zile chembe zinazotembea kwenye waya ni za ule upande ulioitwa negativu. Hakuna aliyebadilisha majina, mitambo inafanya kazi vile vile ilimradi wote tumekubaliana. Wapiga picha wa zamani nao negativu yao ilikuwa ule mkanda ambao gauni jeupe la harusi linaonekana jeusi.

Mwilini kuna mrejesho, yaani matokeo yanarudi kugusa kile kilichoyaleta, upo pozitivu na upo negativu, na hapo pia usitafute uzuri na ubaya. Ukila mtori sukari inapanda, insulini inatoka inaishusha, hiyo ni negativu na ndiyo inayotuweka hai kila siku. Pozitivu ni kitu kinachojiongeza chenyewe, mfano kichwa cha mtoto kinasukuma mlango wa uzazi, ubongo unatoa homoni ya oksitosini, uchungu unaongezeka, kichwa kinasukuma zaidi, oksitosini inatoka zaidi, hivyo hivyo mpaka mtoto azaliwe. Ile kelele ya kuchoma masikio maikrofoni ikikaribia spika kanisani nayo ni pozitivu ya aina hiyo hiyo.

La mwisho sio la maabara ila nimelisikia sana kwa wenzangu wa kitengo cha afya ya akili na naona familia nyingi haziambiwi. Kwenye ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia kuna dalili pozitivu na dalili negativu. Pozitivu ni vitu vilivyoongezeka ambavyo havikuwepo, kusikia sauti, kuamini kuna watu wanamfuatilia. Negativu ni vitu vilivyopungua, haongei, haogi asipoambiwa, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, yupo tu kitandani. Dawa mara nyingi zinatuliza zile pozitivu vizuri kuliko zinavyorudisha kile kilichopungua. Kwahiyo kijana anaacha kusikia sauti, nyumbani wanasherehekea kapona, alafu miezi inapita anakaa tu, baba anaanza kumwita mvivu na kumfokea aende shambani. Ule sio uvivu, ni nusu ya pili ya ugonjwa. Siku ya kliniki mwelezeni daktari na hayo pia, kwamba sauti zimeisha ila haongei na watu na chakula mpaka apelekewe, msiishie kusema anaendelea vizuri.