Je, wajua kwa nini utumbo wa mnyoo hauchaniki?

Chukua udongo wenye mboji kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo au Makutupora, huko Dodoma, uloweke, kisha weka tone la maji yake chini ya hadubini. Hukosi kuona minyoo wa duara wakijinyonganyonga. Katika jamii hiyo yumo Caenorhabditis elegans, kipenzi cha maabara, mwenye urefu wa milimita 1. Utumbo wake wote una seli 20 tu, na zikishaumbwa hazibadilishwi: ndizo hizohizo mpaka afe, wiki mbili tatu baadaye. Sisi utando wa ndani ya utumbo hujiunda upya kila baada ya siku chache.

Na seli hizo hazina raha. Mwili wa mnyoo umejaa maji yenye shinikizo. Akijikunja, utumbo nao unakunjwa, na kila baada ya sekunde 45 hivi misuli inaubana ili atoe kinyesi.

Wengi watakwambia kinachozuia seli isichanike ni utando wake. Ni rahisi kuamini hivyo, kwa sababu michoro ya darasani inaonyesha seli kama kifuko cha ute chenye kiini katikati, na mstari mnene pembeni. Huo mstari mnene unadanganya. Utando wa seli ni tabaka mbili za molekuli za mafuta, unene wa nanomita 5 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na molekuli hizo zinateleza muda wote kama kimiminika. Ukitanuliwa kwa asilimia chache tu, unapasuka. Wengine wanasema ni ile ngozi ngumu ya nje. Ngozi hiyo inamlinda mnyoo kweli, lakini haifiki kwenye uwazi wa utumbo, mahali chakula kinapopita na msuguano ulipo.

Kinachobeba mzigo ni kiunzi cha seli, yaani nyuzi za protini zilizomo ndani yake. Fikiria tembe la Kigogo, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa. Mgeni akilitazama kwa nje anaona udongo mtupu, na anadhani ukuta ndio unaobeba paa lile bapa, zito. Aliyelijenga anajua kwamba paa limelala juu ya boriti, boriti zimekaa kwenye nguzo zenye panda zilizochimbiwa chini, na ukutani kuna fito zilizofungwa kwa kamba kabla udongo haujakandikwa. Mvua ikila udongo, tembe bado limesimama. Kwenye seli, mikrotubuli, yaani mirija midogo ya protini, zenye kipenyo cha nanomita 25 ndizo nguzo: hazipindiki kirahisi, na zikizidiwa zinavunjika. Fito ni nyuzi za ukubwa wa kati, nanomita 10. Hizi zinapinda, na zinaweza kuvutwa hata mara mbili ya urefu wake zisikatike.

Katika utumbo wa mnyoo, fito hizo zimesongamana mahali pamoja: chini kidogo ya vinyweleo vinavyofyonza chakula, zikiuzunguka uwazi wote na kushikana na viungo kati ya seli na seli. Zimefumwa kwa protini za aina sita. Jeni iitwayo bbln-1 ikiharibika, mpangilio wa nyuzi hizo unavurugika, na utando unabonyea kuingia ndani ya seli, mapovu mapovu.

Mpaka hapo tembe limetusaidia, lakini haliendi mbele zaidi. Watafiti walipoondoa kabisa protini moja kati ya zile sita, IFB-2, tabaka zima la nyuzi hizo lilitoweka, lakini minyoo waliishi na kuzaa, ila walikuwa dhaifu zaidi mazingira yalipokuwa magumu. Walipoiondoa kwa minyoo wenye bbln-1 iliyoharibika, mapovu yalikwisha. Kwa hiyo nyuzi zilizovurugika zina madhara zaidi kuliko kutokuwapo kwa nyuzi, na hilo linaonyesha kuwa utando ulikuwa unabonyezwa na nyuzi zenyewe. Utumbo wetu pia una nyuzi za ukubwa wa kati, lakini ni za keratini, protini ambayo mnyoo hana, hivyo matokeo haya hayawezi kuhamishiwa kwa binadamu moja kwa moja.